Paa la kukunja kwa ajili ya misiba huku Nyanda za Juu Kusini: nimetengeneza, upepo umelipinda, naomba tulijadili

mchoraji_uyole (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu.

Mwezi wa nne mwaka jana tulimpoteza baba mdogo kule Tukuyu. Anayeijua Tukuyu mwezi wa nne anajua nilikuta hali gani. Tulifika saa kumi jioni, mvua imeshashika, turubai limekunjwa kibarazani na nguzo za miti zimeegeshwa ukutani. Vijana kumi na wawili tulihangaika karibu saa moja na nusu. Huyu anachimba shimo, yule anatafuta kamba, mwingine kakumbatia nguzo isianguke huku maji yanamwingia shingoni. Wazee wamesimama chini ya migomba. Shangazi yangu, dada wa marehemu, alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki pale mlangoni, miguu yake iko nje inanyeshewa kwa sababu ndani palishajaa. Mpaka leo naiona ile miguu.

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba hapa Mbeya. Niliporudi sikuweza kuliacha lile jambo. Mwavuli mtoto wa darasa la kwanza anaufungua peke yake. Paa la watu hamsini kwa nini lishinde vijana kumi na wawili?

Nikaanzia jikoni kwa mama, kwenye mbuzi ya kukunia nazi. Mama ni mtu wa Kyela na mbuzi yake ni ile ya zamani, mbao mbili zimepitishwa moja ndani ya nyingine kama mkasi. Ukiitanua inasimama, unaikalia na uzito wako wote. Ukimaliza unaibana, inakuwa bapa, unaitundika. Nilikaa nayo mezani jioni nzima nikiifunga na kuifungua. Pale mbao zinapopitana pana egemeo, ndipo zinapozungukia. Halafu kuna sehemu ubao mmoja unagota kwenye mwenzake na kukataa kwenda zaidi. Bila kule kugota, ungeikalia ikakulaza chini. Egemeo na kikomo: nikaandika maneno hayo mawili ukutani kwangu.

Sasa panga mikasi kama hiyo mfululizo, ncha kwa ncha. Unapata kitu kinachofanana na yale mageti ya chuma ya kuvuta kwenye milango ya maduka. Ukivuta linarefuka na kupungua kimo, ukisukuma linajikusanya na kuwa refu kwenda juu. Niliunda mfano kwa vijiti vya mishikaki na pini za cherehani, ukafunguka vizuri mno, watoto wakawa wanagombania.

Nikaingia kwenye chuma. Skwea paipu ya inchi moja, unene wa milimita 1.2, vipande vya mita 2, tundu katikati, bolti ya milimita 12. Upande mmoja mikasi mitatu, pande nne, na mguu mmoja kila kona wenye kola, yaani pete ya kuuzunguka mguu, inayoteleza juu na chini. Hesabu yake ni ya pembetatu tu: mkasi wa mita 2 ukiufungua hadi ubaki na kimo cha mita 1, unatanuka mita 1.73. Mitatu inakupa mita 5.2. Lakini kwa kimo hicho vile viungo vya chini vinaning'inia usawa wa kifua cha mtu. Nikailaza zaidi hadi kimo cha nusu mita, kila mkasi ukatanuka mita 1.94, upande mzima ukafika mita 5.8. Nilifurahi kwamba nimepata nafasi kubwa zaidi kwa chuma kilekile.

Tulilijaribu uwanjani kwetu mwezi wa nane. Nilikuwa nimeshalifunga turubai juu ya fremu ikiwa bado imekunjwa, nikiamini vyote vitafunguka pamoja. Tulipofika nusu, ukaja upepo na vumbi lake. Turubai likavimba kama tanga la ngalawa. Kona moja ikanyanyuka na ndoo yake ya zege, fremu ikajikunja upande, na mdogo wangu akabanwa kidole kati ya mabomba mawili. Kucha ilitoka. Mabomba mawili yamepinda, yote mawili palepale kwenye tundu la katikati.

Mdogo wangu amepona na ndiye anayenisukuma nisiache. Naomba mwenye ujuzi wa vyuma, wa majengo, au wa kufunga maturubai anisaidie. Nimekosea wapi?

fundi_vyuma_mwanjelwa

Pole kwa kidole cha kijana, kaka.

Kosa la kwanza nalijua bila kuliona. Bomba lina upana wa milimita 25, wewe umetoboa 12. Umekula nusu ya uso wa bomba mahali ambapo bomba zima linategemea. Hapo hata usingekuja upepo, lingepinda siku watu wakining'iniza taa.

Fanya hivi. Toboa tundu kubwa zaidi, pitisha bushi, yaani kipande kifupi cha bomba nene la duara, kisha chomelea bushi pande zote mbili. Bolti izunguke ndani ya bushi, isiguse ukuta wa bomba. Kati ya bomba na bomba weka washa, kile kipete bapa cha bolti, la sivyo rangi inalika wiki ya kwanza na kutu inaingia masika ya kwanza. Nati iwe ile yenye naironi ndani. Nati ya kawaida kwenye kitu kinachozunguka itajifungua yenyewe.

Halafu pima bomba kabla ya kukata. Wengi tunasema mita 6 kwa mazoea, lakini mengi yanayofika hapa mjini ni mita 5.8, maana yanasafirishwa kwenye kontena la futi 20 na ndani yake hayaingii marefu zaidi ya hapo. Ukikata vipande vya mita 2 unapata viwili na kipande cha kutupa.

usanifu_mwaka_wa_nne

Shikamooni wakubwa.

Naomba niongezee pale fundi alipoishia, maana swali hili ndilo tulilohangaika nalo darasani.

Kenchi ya nyumba na mkasi ni vitu tofauti japo vyote ni vipande vilivyounganishwa. Kwenye kenchi kila ubao unavutwa au unasukumwa kwa urefu wake, na ubao unavumilia sana hivyo. Kwenye mkasi, kipande kinashikwa ncha mbili na kusukumwa katikati, kama ubao uliolazwa juu ya mtaro mtu akaukanyaga. Kinataka kupinda. Na kinapinda zaidi katikati, ambako ndiko tumetoboa. Hiyo ndiyo gharama ya kukunjika, hakuna aliyeikwepa. Wanachofanya watu ni kuongeza nyama pale katikati.

La pili ni kulaza. Ukipunguza kimo kutoka mita 1 hadi nusu, nguvu inayopita ndani ya mabomba kwa mzigo uleule inakaribia mara mbili. Zile sentimita 60 ulizopata kila upande zilikugharimu sana, kaka.

La tatu ni upepo, na hapa tuweke namba. Upepo wa mita 20 kwa sekunde, sawa na kilomita 72 kwa saa, unasukuma kila mita ya mraba kwa nguvu ya kama kilo 25. Paa lako lilikuwa na mita za mraba 33 na kitu. Hiyo ni zaidi ya kilo 800 za kunyanyua. Ndoo moja ya lita 20 ikijaa zege ina kilo 48 hivi, nne hazifiki 200. Na upepo ukiongezeka kasi mara mbili, nguvu inaongezeka mara nne.

kijana_wa_Makambako

Huku kwetu upepo huo ni wa kawaida tu. Ndoo haitoshi. Piga mambo za chuma, yaani vigingi, ardhini, urefu wa mkono, ukiinamisha kichwa cha mambo upande wa nje, na kamba ivutwe kwa pembe. Mafundi wa mahema wanajua, muulize yeyote anayefunga mahema ya mikutano ya injili.

dada_wa_Kabwe

Jamani mbona vitu hivi vipo tayari? Vile vibanda vya kukunja vya mawakala wa pesa za simu, vyenye miguu minne, unavuta pande mbili kinafunguka. Ni mkasi huohuo. Kwa nini ahangaike na grenda na kuumiza watoto wa watu wakati dukani vinauzwa?

mchoraji_uyole

Dada, umesema kweli na nilianzia hapo. Nilinunua kimoja cha mita 3 kwa 3 nikakifungua chote mezani. Umbo ni lilelile. Tatizo viungo vya kona ni vya plastiki, na mabomba yake ya alumini ni membamba kiasi kwamba nilipinda moja kwa mikono. Kinafaa kumkinga wakala mmoja na jua. Kwa msiba, watu wanaegemea miguu, wanatundika taa, wanafunga kamba za nguo, turubai linabeba maji usiku kucha. Vitatu nilivyovikuta vimetupwa nyuma ya vibanda hapo Kabwe vyote vilikuwa vimekufa sehemu moja, kiungo cha plastiki kwenye kola.

fundi_vyuma_mwanjelwa

Nimeshavitengeneza hivyo vingi. Natoa ile plastiki, nakunja bati nene la milimita 3 kwa umbo la herufi U, natoboa. Hakirudi tena kwangu.

dada_wa_Kabwe

Sawa, nimeelewa. Nitakuletea cha kwangu Jumatatu.

mzee_wa_Soko_Matola

Wanangu, nimesoma tangu mwanzo na nimefurahi kuona vijana wanajadiliana kwa adabu.

Nilijaliwa kwenda hija. Madina, nje ya Msikiti wa Mtume, kuna miavuli 250, kila mmoja unafunika eneo la kama mita 25 kwa 25. Usiku imekunjwa, inasimama kama mishumaa. Jua likichomoza inaanza kufunguka, taratibu, bila kelele. Nilisimama chini ya mmoja nikitazama juu mpaka shingo ikauma. Mikono inashuka kutoka kwenye nguzo, kitambaa kinafuata, na kabla hujamaliza dua kivuli kimeshafika miguuni kwako.

Nilichokiona na nataka mkifikirie ni hiki. Mwavuli ule umepinduka. Kingo ziko juu na katikati ndiko chini, kama faneli. Mvua ikinyesha, maji yanakwenda katikati, hayamwagikii watu pembeni. Kwa mvua za Rungwe, je, haiwezekani?

Na huyo kijana aliyeanza na mbuzi ya nazi, aitazame pia marufaa ya kuwekea msahafu. Ubao mmoja tu unachongwa hadi unafunguka mara mbili, bila msumari, bila bawaba.

usanifu_mwaka_wa_nne

Shikamoo mzee, ahsante sana kwa hili.

Miavuli hiyo ilitoka kwa Mjerumani Bodo Rasch, aliyefanya kazi na Frei Otto. Otto ndiye aliyetumia maisha yake yote kutafuta majengo mepesi. Mwaka 1968 alifunika gofu la kanisa la kale mjini Bad Hersfeld, Ujerumani, kwa paa la kitambaa linalokusanywa pembeni na kuvutwa tena mvua ikija, ili watu watazame maigizo mle ndani bila kuligusa gofu lenyewe. Alifariki mwaka 2015.

Mwingine ni Mhispania, Emilio Pérez Piñero. Mwaka 1961, akiwa bado mwanafunzi, alipeleka London mfano wa ukumbi wa maigizo unaokunjwa wote na kubebwa na lori. Akashinda. Mwaka 1964 akajenga Madrid banda kubwa la maonyesho kwa mikasi, likakunjwa, likapakiwa, likasimamishwa miji mingine. Alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1972, hajafika miaka 40. Nikiangalia picha zake ameshika ile mifano mikononi huwa namkumbuka kila fundi wa mtaani ninayemjua.

mchoraji_uyole

Marahaba kijana, na mzee shikamoo.

Mzee, faneli nimeichora usiku wote. Shida yake kwetu ni nguzo ya katikati. Kwenye msiba katikati ndipo jeneza linapowekwa na ndipo watu wanapopita kuaga. Ila kwa ukumbi wa soko, nguzo ya katikati inayoshusha maji ni jambo zuri sana, nitalifanyia kazi peke yake.

binti_Tukuyu

Ugonile kaka, pole kwa baba mdogo.

Mimi naongelea maji. Turubai lenu mnaloliweka tambarare ndilo linaloua. Kwetu mwaka juzi lilijaa katikati likawa kama tumbo la ng'ombe, kijana akalisukuma kwa mti kutoka chini ili amwage, likapasuka, maji yote yakamwagikia kina mama. Kuna bibi aliumia bega.

La pili, uwanja tambarare kwetu haupo. Nyumba iko juu, migomba iko chini, msiba uko katikati ya mteremko. Fremu yako ina miguu inayolingana. Itasimama wapi?

mchoraji_uyole

Dada, maswali haya ndiyo niliyokuwa nayasubiri.

Maji kwanza. Kipande cha mita 2 kwa 2 kikibonyea na kushika maji ya wastani wa sentimita 5, hizo ni lita 200, kilo 200 zinaning'inia juu ya vichwa vya watu. Na maji yakishaanza kukusanyika yanabonyeza zaidi, kwa hiyo yanaita mengine. Dawa ni mteremko tangu mwanzo na kitambaa kukazwa. Nitaweka mlingoti mfupi unaosimama katikati juu ya mikasi miwili inayokutana kutoka kona hadi kona, usifike chini. Mlingoti unasukuma turubai juu kama hema, jeneza linabaki na nafasi yake.

Miguu nitaifanya bomba ndani ya bomba, na matundu kila sentimita 10, kila mguu na pini yake. Mguu wa upande wa bondeni unarefushwa, wa mlimani unafupishwa.

mdau_Mafinga

Kamwene wote.

Chuma, chuma, chuma. Mko Nyanda za Juu Kusini, mmezungukwa na misitu ya Sao Hill na mianzi ya ulanzi, mnakwenda kununua bomba la kontena. Kwa nini hakuna hata mmoja aliyetaja mti?

usanifu_mwaka_wa_nne

Kaka, uko sahihi kulalamika, na mfano mkubwa upo. Mannheim, Ujerumani, mwaka 1975, huyuhuyu Otto na wenzake walijenga ukumbi unaoitwa Multihalle kwa fito za mbao za milimita 50 kwa 50. Walizilaza kama wavu, kila makutano bolti moja iliyolegea, kisha wakausukuma wavu wote juu polepole. Fito zikapinda, ile miraba ya wavu ikageuka kuwa misambamba, yaani miraba iliyolala upande, kukatokea kuba. Ndipo wakakaza bolti. Nguvu ya lile jengo inatokana na mti kukubali kupinda.

Mwanzi unakubali kupinda kuliko mbao. Lakini wavu wa namna hiyo ukishakazwa haukunjwi tena jioni ukabebwa kwenda msiba mwingine. Ungefaa banda la shule, la kanisa, la mnada.

fundi_vyuma_mwanjelwa

Mwanzi ukiutoboa na kupitisha bolti unapasuka kwa urefu. Nimeona. Labda ufungwe kwa kamba au ukanda wa mpira wa tairi.

mdau_Mafinga

Unapasuka kama umetoboa kati ya fundo na fundo. Toboa karibu na fundo, mwanzi uliokomaa miaka mitatu na kuendelea, na uufunge kamba kabla ya kutoboa. Baba yangu alitengeneza vitanda vya mwanzi hivyo, viko hadi leo. Bado naamini mlingoti wa katikati na fito za kukaza turubai zinaweza kuwa mwanzi. Chuma kibaki kwenye mikasi.

mchoraji_uyole

Nimekubali, mlingoti utakuwa mwanzi. Ni mwepesi, na ukivunjika tunaukata mwingine palepale msibani.

mwalimu_Iringa

Naomba kuuliza jambo la jirani kidogo. Shuleni kwetu tuna madarasa mawili yanayopakana. Wakati wa mitihani tunahitaji ukumbi mmoja mkubwa. Kuna aliyetushauri tubomoe ukuta tuweke pazia la mbao la kukunja. Tuliweka. Kiangazi linafunguka, masika linagoma kabisa, vijana watatu wanalisukuma kwa mabega. Na sauti ya darasa la pili inasikika darasa la kwanza neno kwa neno. Tumekosea nini?

mdau_Mafinga

Mwalimu, mbao ilikuwa mbichi. Paini ikikatwa leo na kurandwa kesho, itakusumbua miaka miwili. Ipangwe kivulini, vijiti katikati ya kila safu hewa ipite, miezi kadhaa. Na hata ikikauka, mbao inavimba kwa upana wake unyevu ukirudi, kwa urefu haivimbi sana. Kwa hiyo kila jani la mlango liwe la fremu na kidirisha cha ubao mwembamba ndani ya mfereji, kidirisha kivimbe humo bila kusukuma fremu. Mafundi wa milango ya kizamani hawakuunda milango kwa vidirisha kwa ajili ya urembo.

mchoraji_uyole

Na mwalimu, litazame linatembelea wapi. Kama magurudumu yako chini, mchanga na chaki vinaingia kwenye reli na ndipo linapogoma. Lining'inizwe juu, chini libaki na mwongozo tu. Lakini boriti ya juu isibonyee hata kidogo, maana likining'inia kwenye boriti inayolegea, majani ya katikati yatasugua sakafu.

Sauti inapita kwenye upenyo kuliko inavyopita kwenye ubao. Ukanda wa mpira juu, chini na kati ya jani na jani utasaidia, ila ukuta hautaupata tena. Mwaka 1924 msanifu Rietveld alijenga nyumba mjini Utrecht, Uholanzi, kwa mama mmoja mwenye watoto watatu, Bi Schröder. Ghorofa ya juu yote inagawanywa kwa kuta za kuteleza: mchana ukumbi mmoja, usiku vyumba. Ni nyumba ya familia moja, ikabidi wavumiliane kwa sauti. Madarasa mawili ya watoto sitini sitini ni jambo jingine, na ningekuwa mimi ningepanga masomo ya kusoma kwa sauti kwa zamu.

mwalimu_Iringa

Ahsante. Kesho naangalia reli.

usanifu_mwaka_wa_nne

Kaka mchoraji, kabla hujakata tena. Kama utahamisha tundu kutoka katikati ili upate tao, kuna sharti. Chukua mkasi wa kushoto, jumlisha nusu zake mbili zinazokwenda kwenye viungo vya pamoja, cha juu na cha chini. Fanya hivyohivyo mkasi wa kulia. Majumlisho yasipolingana, fremu itakataa kukunjika hadi mwisho, na ukiilazimisha utaipinda. Félix Escrig, msanifu wa Seville, Uhispania, ndiye aliyeliweka wazi sharti hilo. Kwa tundu la katikati na vipande vinavyolingana uko salama.

Na kuhusu lile turubai lililovimba: makumbusho ya sanaa ya Milwaukee, Marekani, yana mabawa ya kivuli juu ya jengo, yanayofunguka na kujifunga, yaliyobuniwa na msanifu Calatrava, yalifunguliwa mwaka 2001, upana wa mita 66. Yana vipima upepo. Upepo ukizidi kilomita 37 kwa saa kwa sekunde 3 tu, yanajifunga. Kwa pesa zote zile, uamuzi wao ni kutopambana na upepo.

mchoraji_uyole

Hilo la kutopambana nimelibeba. Utaratibu mpya: fremu inafunguliwa tupu, inafungwa pini, mambo zinapigwa, kamba zinakazwa, ndipo turubai linapandishwa. Kama upepo unazidi, turubai ndilo linalotoka kwanza. Na watu wanne wanaovuta wanashika mguu tu, kwenye sehemu niliyoipaka rangi nyekundu, mikono isiende kwenye mabomba.

mchoraji_uyole (wiki tatu baadaye)

Narudi na taarifa. Nimefuata ushauri wa fundi kuhusu bomba la mita 5.8: vipande vinne vya sentimita 144, hakuna kinachotupwa. Mikasi minne kila upande badala ya mitatu, kimo cha sentimita 60, upande unakuja mita 5.2. Bushi zote zimechomelewa, kola ni za bati la milimita 3. Kikomo nimekiweka kwenye kola, pini inaingia ikifika juu, na waya wa chuma unakaza kona kwa kona ili mraba usiende upande.

Jumamosi tulikuwa Tukuyu, kumbukumbu ya mwaka mmoja ya baba mdogo. Kutoka kushusha kwenye gari hadi turubai kukazwa, watu wanne, dakika 25. Fremu yenyewe ilichukua dakika 4, muda mwingine wote ni mambo na kamba. Mguu wa bondeni tuliurefusha matundu matano. Mvua ilianza saa nane, ikanyesha hadi jioni. Shangazi alikaa katikati.

Kasoro: kona ya kaskazini maji yalituama kiasi cha ndoo moja, kwa sababu kitambaa kilikatwa mraba na kinalegea pale mlingoti unapokisukuma. Na viungo vya upande mmoja vinacheza, nikitikisa mguu nasikia vyuma vinagongana.

binti_Tukuyu

Nilikuwepo, nilikuwa upande wa jikoni na kina mama. Ndaga fijo, ahsante sana kaka.

fundi_vyuma_mwanjelwa

Kucheza ni matundu ya bushi, umetumia bushi za aina mbili. Zile za upande huo zitoe zote, usibadilishe moja moja. Kitambaa mpelekee mshonaji wa mahema akikate vipande vinne vya pembetatu badala ya mraba, mshono uende kona hadi mlingotini.

Na yale mabomba mawili yaliyopinda mwezi wa nane, bado unayo? Yalete Jumatatu pamoja na fremu. Nataka niyapasue kwa grenda kwenye tundu, tuone ufa ulianzia upande gani.